Swali Ambalo Ulrich Hakuulizwa

Mwaka 2015 Ulrich alikataliwa kutoa damu. Alikuwa akiishi Edmonton, kaskazini mwa London, anatunza wazee, na alikuwa mwaka wa pili na mpenzi wake, Ajay. Sheria ya wakati ule ilisema mwanamume aliyelala na mwanamume akae miezi kumi na miwili bila kufanya hivyo kwanza. Dada yake mdogo, Josée, alipomuuliza kwa nini hakutoa damu, Ulrich alisema anaogopa sindano.

Miaka ikapita. Binti wa Josée, Miradie, ana selimundu na huongezewa damu mara kwa mara. Siku moja Josée akampigia simu kaka yake.

"Yaya, hospitali wanasema damu ya watu weusi ndiyo mara nyingi inamfaa. Jikaze, wende basi."

Akaenda kwenye kituo cha kutolea damu, jibu la hasira ameshaliandaa. Muuguzi, Bridget, akamuuliza kama miezi mitatu hii amepata mpenzi mpya, au amelala na zaidi ya mtu mmoja. Hapana. Anameza dawa za kujikinga na Ukimwi? Hapana. Bridget akafunua ukurasa.

"Samahani," Ulrich akasema, "hujaniuliza kama mpenzi wangu ni mwanamume."

"Hatuulizi tena, tangu 2021. Maswali ni yaleyale kwa kila mtu."

"Kwa hiyo naruhusiwa?"

"Kwa hilo, ndiyo. Ila umeandika mwezi uliopita ulikuwa Bujumbura. Kule kuna malaria. Subiri mpaka itimie miezi minne tangu urudi, tukupime."

Ulrich akachukua koti lake. Yeye ni yuleyule, Ajay ni yuleyule. Hasira ya miaka yote aliyokuja nayo, sasa amtolee nani? Mbu?

Akampigia Josée akiwa kituo cha treni. "Wamenirudisha. Malaria."

Josée akacheka. "Malaria tu?"

"Mwaka ule haikuwa sindano. Ilikuwa Ajay."

"Ajay unayekaa naye nyumba moja? Alikufanya nini?"

"Hakunifanya kitu. Ni mume wangu, Josée."

Treni yake ikaingia. Ulrich akaiacha ipite.

"Na yeye," Josée akauliza polepole, "damu yake ni kundi gani?"

Ulrich hakuelewa kama amekubaliwa au ametumwa damu nyingine.

Miezi minne ilipotimia alirudi, kipimo hakikuonyesha malaria, wakachukua damu, wakampa chai na biskuti. Bridget akamuuliza anajisikiaje.

"Hata sijui," Ulrich akasema, akaomba biskuti nyingine.