Ukingo Mkavu

Mimi ndiye niliyemfundisha kukanyaga pembeni. Naanza na hilo kwa sababu pale lilipotakiwa kusemwa sikulisema.

Nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari upande wa Mbuji. Kijana mwenyewe aliletwa kwetu kutoka Ngumbo, ziwani, mwembamba, mwenye masikio makubwa, hajui baridi ni kitu gani. Walimu wenzangu walimcheka. Walisema Mnyasa kazi yake ni kupiga kasia, mlima utamtapisha. Ulimtapisha kweli, wiki mbili. Kufika mwezi wa tatu alikuwa akiwaacha vijana wa Kimatengo kwenye miinuko yao wenyewe, ile waliyozaliwa wakiipanda na jembe begani. Nikamng'ang'ania. Mimi mwenyewe sikuwahi kukimbia popote pa maana, miaka arobaini ilikuwa imeshanipita, na nilikuwa na njaa ya jina.

Nikamchagulia mbio za mita elfu tatu za kuruka viunzi na maji. Wengi hawazijui. Unazunguka uwanja ukiruka viunzi vizito ambavyo ukivigonga havianguki, unaanguka wewe. Kila mzunguko kuna kiunzi kimoja chenye dimbwi mbele yake, na dimbwi hilo lazima ulipitie, mara saba mpaka mbio ziishe; ukitua kando yake, matokeo yako yanafutwa. Wanaozikimbia ni wachache, nami nikaona penye wachache ndipo pa kupenyea.

Shule haikuwa na dimbwi. Tukawa tunashuka hadi kwenye mashine ya kumenya kahawa, ambako maji ya maganda hutoka kwa mfereji mpana. Nikalaza gogo la mkaratusi juu ya mawe, akaanza kuruka. Maji yale yananuka, yanawasha ngozi, na yanakula gundi. Viatu vyake vya misumari vilikuwa jozi moja tu, mtumba, nilivyomtafutia mimi na kuvigandisha soli kwa mikono yangu. Siku ya tatu soli ya kulia ikaachama. Nilimchapa. Nilimwambia asiye na akili ya kutunza kiatu hana akili ya kukimbia. Kisha nikamwonyesha dawa yake: upande wa kulia wa mfereji palikuwa na ukingo wa jiwe, upana wake unyayo mmoja na nusu. Ukiruka ukatua pale, kiatu kinabaki kikavu.

Akaniuliza, "Mwalimu, lakini kwenye mashindano si tunatua majini?"

"Siku ya mashindano utatua majini," nikamwambia. "Leo tunza kiatu."

Miaka minne. Akitua ukingoni tuliendelea, akitua majini fimbo ilimpata kwenye mashavu ya miguu na akarudia. Julai, asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mibuni, alikuwa akitetemeka mpaka meno yanagongana, nami nimejifunga koti. Samaki mkunje angali mbichi, nilikuwa nikiwaambia wenzangu, nikijiona fundi.

Akamaliza shule, akachukuliwa na timu ya taifa. Huko alipata makocha, viatu na dimbwi la haki. Walimfundisha upya na akatua majini kama watu wengine. Na mimi sikukaa bure. Nilihudhuria mafunzo ya uamuzi wa riadha, nikafanya mitihani, nikafaulu, nikaanza kuitwa kwenye mashindano ya kanda, kisha ya nchi. Nilipenda ule msemo kwamba mwamuzi hana ndugu. Niliurudia hata pasipohitajika, mbele ya watu wasioniuliza.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba kwenye mashindano makubwa ya bara, katika nchi ya jirani, yeye akawa mkimbiaji na mimi nikawa nimekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya maji, nimevaa koti jeupe la kuazimwa, kibendera cha njano kikiwa pajani. Kazi yangu ilikuwa moja: nikiona kosa, nainua kibendera na kuandika ripoti. Ilinipasa kumwambia mwamuzi mkuu kwamba mmoja wa wakimbiaji ni mwanafunzi wangu. Sikumwambia. Niliogopa wangenihamishia kwenye kurusha tufe.

Jioni ya kuamkia siku ya mbio alikuja kunisalimia. Aliniambia ameahidiwa ajira ya kudumu akiingia watatu bora, ameshamweleza mama yake, na mama ameagiza kwamba, matokeo yawe yoyote, lazima nishuke Ngumbo nikale samaki. Nilimwambia asinitazame akipita kwenye maji.

Mara sita alipita vizuri, na kila mara maji yalinirukia suruali. Mzunguko wa mwisho alikuwa wa tatu, na nyuma yake kuna mmoja anamhemea kisogoni. Alikuja amechoka. Hakuwa akiona tena, macho yamemtoka, mdomo wazi. Akakikanyaga kiunzi kwenye ncha ya kulia, na mguu ukatafuta njia yake ya zamani. Ukatua nje ya maji, pakavu, hatua moja kutoka kiti changu. Hakuna tone lililonifikia.

Akavuka mstari akiwa wa tatu.

Mwamuzi mwenzangu alikuwa ng'ambo ya dimbwi, kwake ulionekana mgongo tu. Kamera ilikuwa na wale wawili wa mbele. Niliyeona ni mimi peke yangu, na nilijua mtu huyu anapoteza nini. Msema kweli mpenzi wa Mungu, basi niseme: sikuinua kibendera kwa ajili ya haki. Niliinua kwa sababu mwamuzi mkuu alikuwa amesimama karibu, anatazama upande wangu, na nilitaka kuitwa tena mwaka unaofuata. Na nilikuwa na hasira na kijana wangu. Ilikuwa ile hasira ya mwalimu ambaye mwanafunzi wake anamwaibisha mbele ya wageni, na ilinipanda kabla sijakumbuka kosa lile ni la nani.

Walimwacha ajifunge bendera ya taifa. Walimwacha akimbie nusu ya uwanja akipunga mikono. Kisha jina lake likaondoka kwenye ubao, na mama mmoja wa itifaki, mpole sana, akamshika kiwiko na kumtoa kwenye mstari wa kupiga picha. Yule aliyekuwa wa nne alikuwa ameshavua viatu, analia kwenye nyasi. Wakamwita, akaja mbio pekupeku. Kijana wangu alitazama huku na huku mpaka akaniona nikiwa bado na kibendera mkononi. Aliinamisha kichwa kidogo, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi akiniamkia.

Nilishuka Ngumbo. Nisingeshuka wangesema nimekimbia. Picha yangu na kibendera ilikuwa imeshazunguka kwenye simu za watu wote, lakini walinipokea, wakanipa kiti cha nafasi ya kwanza, watoto wakaniamkia shikamoo mmoja mmoja. Walikuwa wakizungumza Kinyasa, wakahamia Kiswahili kwa ajili yangu. Mama yake alikuwa ameandaa samaki aina ya mbasa na ugali wa muhogo. Baba yake alikwisha kufariki, kwa hiyo aliyezungumza alikuwa baba yake mdogo.

"Mwalimu," alisema, "hatukukuita kukulaumu. Kazi ni kazi. Ila sisi watu wa hapa tunataka kuelewa jambo moja. Huyu mtoto amezaliwa kwenye maji. Nani alimfundisha kuyakwepa?"

Kila mtu alinigeukia mimi. Kijana alikuwa kwenye mkeka, miguu ameikunja, anatazama bakuli la kunawia. Maneno mawili yangetosha. Nilikuwa nayo mdomoni.

"Mimi nilimkataza," nikasema. "Miaka minne nilimkataza mpaka nikamchapa. Hata fimbo haikusaidia."

Baba mdogo akamgeukia. "Ni kweli?"

Hakuchukua muda. "Ni kweli, baba. Mwalimu alinikataza. Mimi ndiye sikusikia."

Ukaanza mnong'ono wa Kinyasa uliozunguka chumba kizima, na sikuhitaji kujua lugha. Shangazi mmoja alisonya. Mama yake akanyanyuka, akaja mpaka mbele ya kiti changu, akapiga magoti na kuanza kuninawisha mikono.

"Utusamehe, Mwalimu," alisema. "Umetupa miaka yako minne na huyu amekutia aibu mbele ya mataifa. Tangu mdogo ana kichwa kigumu."

Akanichagulia kipande cha samaki kilichokuwa kikubwa kuliko vyote. Kijana hakuinua uso. Nikamega ugali, nikachovya, nikamwambia mama yake kwamba nimeshamsamehe.