Viroboto Walivyotaka Kumwondoa Bibi

Juzi pale Mwigobero nilimwona mwanamke akimwogesha mbwa kwa maji ya mwarobaini, na ile harufu chungu ikanirudisha nyumbani kwetu Murangi.

Bibi, mama yake baba, alikuwa amekuja kutoka Buhemba kukaa nasi. Mchana ule Mama alikuwa jikoni anachemsha majani ya mwarobaini, nikamsikia akimnong'oneza jirani, "Wageni hawa wamezidi. Leo lazima watoke."

Mgeni niliyemjua mimi alikuwa mmoja tu. Nikakimbia kumwambia Bibi. Alikunja vitenge vyake taratibu, akafunga furushi.

Mama alipoingia na ndoo ili anyunyize sakafu, alimkuta amekaa kitandani, furushi mapajani.

"Mama, unaenda wapi?" akamuuliza mkwewe.

"Mtoto ameniambia wageni tutoke."

Mama akaweka ndoo chini, akapiga magoti. "Ni viroboto, Mama. Wametoka kwa mbwa wetu, wamejaa nyumba nzima. Niliona aibu wewe usikie."

Bibi akapandisha gauni kidogo. Miguu yake ilikuwa imejaa vipele. "Wananiumaga tangu nimefika," alisema. "Na mimi niliogopa kukuaibisha."

Wakati huo sikujua kwamba mke na mama mkwe wake wanaweza kuogopana hivyo. Nilichoona ni Bibi akifungua furushi, akatoka nje kumshika mbwa huku Mama akimmwagia maji yaliyopoa, wote wawili wakijikuna na kucheka.