Mtiki Haulii

Baba yangu ni seremala wa Kahama, na zamani aliabudu vitu viwili: Mungu siku ya Jumapili, na mtiki siku zote zilizobaki. Mteja aliyekuja kuulizia kitanda alihutubiwa kwanza. Aliambiwa kwamba mti huo asili yake ni Bara Hindi na Burma, kwamba meli za zamani ziliundwa kwa mbao zake kwa sababu maji hayauwezi, kwamba watu wa Pwani huuita msaji na wameuchonga milango iliyowazika wenye nyumba, na kwamba Wajerumani ndio walioupanda nchini kwetu. "Una mafuta yake humo ndani," alisema, akimnusisha maranda. "Mchwa akiuonja, anahama." Mimi nilikuwa napiga msasa palepale, na hotuba ile ilinichosha hadi nikawa naimalizia kabla yake.

Kaka yangu hakutaka useremala. Alipata duara upande wa Geita, yaani shimo la dhahabu lishukalo wima, ambalo kuta zake hushikiliwa na magogo yaliyopangwa moja juu ya jingine. Wachimbaji huyaita matimba, na huyakata kwenye mikaratusi. Mkaratusi si mti wa kujivunia. Unapinda, unaoza upesi. Mama alikuwa hapati usingizi. Kila aliposikia duara la watu limeanguka alimpigia simu, na simu ya mtu aliye chini ya ardhi haipatikani. Basi baba akaamua kumkinga mwanawe kwa njia aliyoijua. Alinunua mitiki shambani kwa mtu, akaipasua, akaipakia kwenye lori, na mimi nikaenda naye.

Wachimbaji walisaidia kuipanga, ila nyuso hazikufurahi. Mkubwa wao akamwita baba pembeni.

"Shikamoo mzee. Tunaomba utuachie japo matimba mawili ya mkaratusi hapo katikati."

"Marahaba. Ya nini?"

"Mkaratusi ukizidiwa na udongo, unalia kwanza. Ukilia, anayesikia anapiga kelele 'Toka!' na wote tunatoka. Huu wako haulii, mzee."

Baba alicheka. Akasema mti mzima hauna sababu ya kulia. Kaka naye akacheka, maana alimpenda baba kupita kiasi, na matimba yote yakawa ya mtiki.

Kabla hatujaondoka niliinama mdomoni mwa duara. Maduara ya jirani yalikuwa na sauti zake, mikwaruzo na milio midogo, kama nyumba yenye watu. La kaka lilikuwa kimya kabisa. Lilinuka mtiki, harufu kama ya viatu vipya. Nilimwita, na sauti yangu ikashuka bila kurudi. Ndani ya lori nikamwambia baba kwamba sikulipenda lile shimo. Akaniambia nimeanza kuwa kama mama yangu.

Mvua zilipokolea, maji yalipita nyuma ya matimba na kuchukua udongo polepole. Hakuna aliyesikia kitu. Mchana mmoja, wenzake wakiwa juu wanakula, udongo uliingia kwa chini ya matimba ukamfunika kaka. Walipomfikia kwa majembe waliona jambo ambalo hadi leo hawapendi kulisimulia: hakuna timba hata moja lililovunjika. Yote yalisimama kama siku yalipopangwa, yakinukia vilevile, yamezunguka shimo lililojaa.

Baba alirudi karakana na kushusha mbao zake bora za mtiki kwa ajili ya jeneza. Mama akasimama mlangoni.

"Hizo zilikuwa naye kule chini zikanyamaza," alisema. "Ng'wana wane, mwanangu, hafunikwi na hizo."

Nilingoja baba abishe. Akazirudisha juu. Tulichokuwa nacho zaidi ya hapo ni mkaratusi, umepasuliwa juzi tu, mbichi. Alitengeneza jeneza mwenyewe, nami nikapiga msasa mbao iliyokuwa bado inatoa maji. Sijawahi kuichukia kazi yetu kama siku ile.

Tulizika alasiri, jua likiwaka. Wachimbaji walikuja kwa wingi, wakalibeba jeneza na kulituliza kando ya kaburi, wakalizunguka. Mchungaji alikuwa katikati ya sala jeneza likapasuka: pa! Kisha ukafuata mlio mrefu, mwembamba, kutoka ndani ya mbao. Nimekulia kwenye mbao. Najua mti mbichi ukipigwa na jua hufanya hivyo. Najua, na bado nilirudi nyuma.

Wachimbaji hawakufikiri. "Toka!" mmoja alipiga kelele, na wote wakakimbia kutoka ukingoni, wakikanyaga maua, wakiacha viatu kwenye udongo. Mchungaji naye akakimbia. Kaburi likabaki halina mtu.

Baba peke yake ndiye aliyekimbilia jeneza. Alipiga magoti, akaanza kung'oa kifuniko kwa vidole, akisema, "Toka, mwanangu. Unalia, toka."