Jumapili Ambayo Mashine Haikuijua

Niliondoka mji wa Baraka kwa sababu ya mama. Anaishi Lulimba, ana ugonjwa wa sukari, na Jumamosi jioni dada yangu alipiga simu: insulini imeisha. Kule hakuna frigo ya kutunza akiba, kwa hiyo inapelekwa kidogo kidogo. Mimi ndiye ninayepanga safari za dawa kwenye depo yetu, lakini hiyo sikuweza kumwachia mtu. Ningekaa vipi?

Niliiuliza mashine yetu ya kupanga safari. Kompyuta zake ziko mbali, hata sijui nchi gani. Sisi tunazipelekea habari za kila safari, mvua na saa ya kufika, nazo zinajifunza, kisha zinatuambia siku nzuri ya kutuma mzigo. Jibu likaja kwenye simu: Jumatatu mvua kubwa, gari halitafika. Jumapili njia nzuri, kabla ya adhuhuri mtakuwa Lulimba. Nikamshukuru Mungu, na mashine nayo nikaishukuru.

Alfajiri tulipakia kisanduku cha barafu chenye insulini kwenye gari letu la jipu. Papa Amisi, dereva wetu, aliendesha kama anayepeleka bibi harusi.

"Papa, kanyaga!"

"Mama Riziki, haraka haraka haina baraka."

"Baraka tumeshaiacha nyuma, we kanyaga tu!"

Mji wa Fizi tulipita bila hata kunywa chai. Mbele yake kuna shimo la matope lisilokauka hata kiangazi. Siku zote vijana wako pale na majembe, wanachimba, wanasukuma magari. Siku hiyo hapakuwa na mtu. Jipu likazama mpaka milangoni.

"Vijana wako wapi?" nikapiga kelele.

Papa Amisi akajishika kichwa. "Aa! Leo bote bako kanisani. Mi siku yangu ni Ijumaa, nilisahau."

Yeye Mwislamu ana udhuru. Mimi je, Mkatoliki mzima? Na mashine ingejuaje? Depo yetu hufunga Jumapili, kwa hiyo mashine haikuwahi kuona safari yetu hata moja ya siku hiyo. Ilijua mvua, basi.

Nilivua viatu nikakimbia kufuata sauti ya ngoma. Nilikuta kanisa dogo la Waprotestanti, mchungaji ameshika mahubiri na hana mpango wa kuyaachia. Nilisimama mlangoni, nikasogea, nikarudi. Barafu inayeyuka jamani! Mwisho nikapasuka: "Batu ya Mungu, mama yangu atakufa! Dawa yake iko ndani ya matope!"

Mchungaji akafunga Biblia. "Bandugu, tutamalizia kule kwa matope."

Wakatoka wote. Wanaume walikunja suruali za Jumapili, bamama wakakaza vitenge, kwaya ikasukuma huku inaimba. Alasiri jipu likatoka.

Lulimba tulifika jua likizama. Barafu imekuwa maji, lakini bado baridi. Mama alikuwa amelala, midomo mikavu, ananitazama kama hanijui. Muuguzi akamchoma sindano. Nikakaa, nikasimama, nikakaa tena. Usiku wa manane macho yake yakanitambua.

"Riziki, ulikula?"

Nililia mpaka Papa Amisi akatoka nje.

Kesho yake mvua ilinyesha kweli; ilipokatika tulirudi Baraka, na nikaipelekea mashine habari za kuchelewa kwetu. Mwezi uliofuata dawa ilikaribia kuisha tena, nikaiuliza. Jumatatu tena mvua kubwa, na Jumapili, japo kavu, ikaja na alama nyekundu: gari halitafika. Ilikuwa imejifunza Jumapili moja tu, ikaziogopa zote.

Na mimi nilikuwa nimejifunza. Nikapakia majembe mawili, nikampigia mchungaji.

"Pasta, kesho ibada itaisha saa ngapi?"

"We utapita pale saa ngapi?" akaniuliza.