Nilidhani Mafuta ni Mafuta

Sauti ninayoikumbuka si kilio. Ni pumzi. Sss, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto akavuta hewa kwa meno kabla hajajua ameungua. Ilimtoka dada yangu Saumu, amekaa mkekani, siku tatu kabla ya harusi yake. Na mimi nilicheka.

Msinitetee. Niliiunguza ngozi ya bi harusi, kisha nikanyamaza bibi wa watu akalaumiwa. Majina nimeyabadilisha, maana walionichukia wanatosha.

Saumu ni mtoto wa mama yangu mdogo. Tumelelewa nyumba moja hapa Msambweni, sahani moja, kitanda kimoja. Shule mimi niliishia kidato cha pili. Kazi yangu ni kufagia na kufua taulo mahali wageni wanapokandwa, kule Diani. Lakini ndoto ninazo. Nilikuwa nimeshaamua nitafungua duka langu la kupamba maharusi, hata rangi ya mlango nimeshaichagua. Ukinikuta nafua, naimba.

Mgeni mmoja siku ya kuondoka aliniachia kichupa cha mafuta ya karafuu, yale yanayotolewa kwa mvuke. Kichupa kidogo kama cha dawa ya macho, lakini harufu yake inajaza nyumba.

Kazini nilikuwa nawaona wakandaji kila siku. Wanachukua kichupa kama kile, wanahesabu matone, moja, mawili, ndani ya bakuli la mafuta ya nazi. Nikawa nawacheka moyoni. Mafuta yatiwe kwenye mafuta, ya nini? Nikamwuliza mmoja wao, dada wa bara, "Mbona mwayabania hivyo?"

"Hii kitu ni kali, mrembo," akaniambia. "Ukijipaka hivyo tu, utalia."

Nikamwona mchoyo. Sikuuliza tena.

Neno lenyewe, mafuta, ndilo lililoniponza. Kwetu mafuta ni kitu cha kupaka. Ya nazi, ya simsim, ya mgando ya dukani. Mtoto hajafikisha siku saba ameshapakwa. Nani angenishawishi kwamba kuna kitu kinaitwa mafuta na ngozi haikitaki?

Na karafuu nazo si kitu kigeni mwilini. Saumu alikuwa amewekwa ndani kwa mamake, na kila siku somo wake wa kumfunda, Bi Mwanasiti, alikuwa akimsinga kwa singo. Mti wa liwa uliosagwa, karafuu zilizotwangwa, marashi ya waridi, unasuguliwa mpaka unang'aa. Bi Mwanasiti amewasinga maharusi wa mji huu tangu mama zetu ni wari. Nikajiambia, karafuu si zimo tayari? Nikiongeza mafuta yake, singo itakuwa singo kweli, na watu watauliza ni ya nani. Hapo duka langu nimeshalifungua kichwani.

Siku ile Bi Mwanasiti aliondoka kwenda kuswali adhuhuri. "Niangalizie bakuli, mwanangu, lisiingie vumbi." Alipotoka nikafungua kichupa. Sikuhesabu matone. Nilimimina nusu nzima, nikakoroga kwa kidole, na kidole kikaanza kuwaka. Nilikifuta kwenye leso.

Aliporudi alinusa. "Mbona leo yanukia namna hii?"

"Ni mkono wako, bibi," nikamwambia. Akacheka, akaniita mbembe, mwenye maneno matamu. Akaanza kumsinga, mikono, shingo, kifua.

Sss.

"Inaniwasha, somo."

"Mvumilivu hula mbivu, bi harusi," nikadakia mimi. "Ama wataka bwana akukute na magaga?" Saumu akacheka, machozi yanamlenga. Alivumilia kwa sababu ni mimi niliyemwambia.

Haikuchukua muda, shingo ikawa nyekundu. Bi Mwanasiti akamwagia maji. Ikazidi. Sasa yeye anachojua, na ni kweli, ni kwamba liwa hupoza mwili. Akachota singo nyingine kutoka bakuli lile lile, akampaka juu ya pale panapoungua.

Mimi nimesimama mlangoni. Naona. Najua kilichomo. Neno moja tu lilihitajika, "bibi, wacha," na sikulisema. Nilikuwa nawaza aibu yangu.

Alasiri malengelenge yakatoka. Mama mdogo alipoingia akaona, alimgeukia Bi Mwanasiti bila hata salamu. "Mkono umekufa, na hukusema? Umekuja kumchuna mwanangu ngozi?"

Bi Mwanasiti alisema tu, "Wallahi sijui kilichotokea, mwanangu." Mtu wa umri wake anamwapia mwanamke ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemsinga alipoolewa. Na mimi nimeushika mkoba wangu wenye kichupa.

Hospitalini daktari aliuliza amepakwa nini. Bi Mwanasiti akataja, liwa, karafuu, marashi. "Basi?" "Basi." Daktari akainama, akaunusa mkono wa Saumu. "Hizi si karafuu za kutwanga," akasema. Akatutazama mmoja mmoja. Alipofika kwangu, nilifungua mkoba.

Hakupiga kelele, na hilo lilinichoma zaidi. Alisema yale hayafanani na mafuta ya nazi hata kidogo. Ni ukali wa rundo zima la karafuu uliotiwa kwenye kichupa. Maji peke yake hayayatoi, huyatembeza tu. Unayafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia au ya nazi, ndipo uoshe kwa sabuni na maji mengi. "Ungesema mapema, angeungua nusu ya hivi," akaniambia.

Nje, mama mdogo alinitazama juu mpaka chini. "Kumbe huko Diani mwafunzwa kukaanga watu. Haya, mtaalamu, nenda kamtafute wa kumkaanga, wangu umeshamwivisha." Nikataka kumshika mkono. "Niondokee."

Bi Mwanasiti hakunitukana. Alijifunga leso yake vizuri kichwani, akasema, "Uliniambia ni mkono wangu." Akaenda zake.

Ndoa ilifungwa, lakini Saumu hakupambwa. Hina haikuweza kupakwa juu ya vidonda. Usiku aliokuwa atolewe aonyeshwe kwa wanawake, alibaki chumbani na mikono iliyofungwa bandeji, na vigelegele vikapigwa kwa mlango uliofungwa. Mimi sikualikwa. Nilihadithiwa na jirani, na alinihadithia kwa raha. Watu walikuwa wameshasema nilifanya kwa kijicho, kwamba mwenzangu aolewa na mimi nafua taulo.

Vidonda vimefunga, madoa yamebaki shingoni. Nimemtumia Saumu ujumbe mara nyingi. Alinijibu mara moja tu: "Hayo mafuta ningekusamehe. Ulisimama mlangoni."

Na Bi Mwanasiti haitwi tena. Nimezunguka nyumba hadi nyumba nikisema ni mimi. Wananisikiliza, wananipa hata chai, halafu harusi ikija wanamwita mwingine. Uongo wangu ulikwenda mbio, ukweli wangu hakuna anayeufungulia mlango.

Wewe unayetengeneza singo, unayeuza vichupa kwa simu, unayedhani zaidi ndiyo bora: tone moja la karafuu kwa vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi linatosha. Kwanza jaribu padogo ndani ya mkono, ungoje siku nzima. Usoni usiweke. Mtoto mchanga na mwenye mimba usiwaguse nayo. Na ukiharibu, sema pale pale, kabla mtu hajachota mara ya pili. Ukinyamaza kama nilivyonyamaza, usitarajie kuhurumiwa. Mimi sikuhurumiwa, na nimeona ni haki.

Bi Mwanasiti salamu yangu huijibu, maana salamu ni wajibu, lakini haniangalii. Ijumaa iliyopita alikwenda kwenye darsa la wanawake. Nilisukuma lango, nikaufagia ua wake wote, hadi nyuma ya choo. Majani nikayazoa, nikayamwaga shimoni. Nikautegemeza ufagio ukutani, nikatoka kinyumenyume nikizifuta nyayo zangu kwa mguu.