Mkia wa Bibi Harusi

Alban Rigby alikuwa na kikombe chake katika jumba la makumbusho, kikombe cha bluu chenye ufa kwenye mkono. Kila Jumanne alikiosha mwenyewe, akajimiminia chai, akaketi kwenye kiti cha mwisho karibu na dirisha. Kiti cha jirani hakikuwa na mtu. Wazee wengine wa kujitolea walikaa kwenye meza kubwa karibu na hita, wakigombania biskuti na kutaniana juu ya timu ya Preston iliyofungwa tena. Katikati yao alikaa Seth Bamber, mfupi, mwenye masikio makubwa, ambaye hakuwa amemsemesha Alban kwa karibu miaka arobaini.

Hawakuwahi kupigana. Huko Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, mtu akiwageuka wenzake kazini hapigwi wala hatukanwi. Hunyamaziwa. Akisalimu, watu wanatazama ukuta. Akiomba chumvi kantini, chumvi inabaki palepale ilipo. Kimya kina mshindo mkuu, ndivyo wasemavyo, lakini hawasemi kwamba mtu anaweza kuzeeka nao mshindo huo.

Zamani Alban na Seth walikuwa chanda na pete. Walifanya kazi katika kiwanda cha ndege nje ya Preston, wakiunda ndege ya kivita ambayo mji mzima uliamini haina mfano duniani. Ilipakwa rangi nyeupe tupu, na mafundi wakaiita Bibi Harusi. Kazi ya wawili hawa ilikuwa kupiga ribiti, vile vijipini vya chuma vinavyoshikiza bati la ndege kwenye mbavu zake. Ribiti haipigwi na mtu mmoja. Alban alisimama nje na nyundo ya upepo. Seth, kwa udogo wa umbo lake, alitambaa ndani ya ndege na kuikingia ribiti kwa kipande kizito cha chuma. Hawakuonana, na kelele za karakana hazikuacha neno lipite. Kwa hiyo Seth aligonga bati kwa chuma chake. Mara mbili: imekaa sawa, twende nyingine. Mara moja: bado, piga tena. Mara tatu: imeharibika, itoe.

"Nyie wawili mnaongea zaidi kwa kugongana kuliko mnavyoongea na wake zenu," Hilda, mke wa Alban, alizoea kusema.

"Shemeji, usiwe unaonea wivu bati," Seth alimjibu Jumapili moja, mdomo umejaa pai yake.

Kisha siku moja ya mvua, redio ya kantini ikiwa wazi, serikali ikatangaza kwamba mradi umefutwa. Gharama zimezidi, basi. Bibi Harusi alikuwa amekwisha kuruka. Watu walikuwa wamesimama barabarani wakimtazama akipita juu ya mapaa yao, wengine wakitokwa na machozi. Dada zake walikuwa bado karakanani, wengine hawana hata mabawa. Likafuata agizo: vyote vikatwe, ndege na viunzi vyake, kisibaki kitu cha kuanzia upya.

Mafundi wakaapa kwamba hakuna atakayeshika moto wa gesi wa kukatia chuma. "Nitaukata mkono wangu kwanza," alisema Seth, amesimama juu ya benchi, na wote wakapiga makofi, Alban akiwamo.

Kesho yake msimamizi alipouliza nani atakata, watu wakakunja mikono kifuani. Alban naye akakunja yake. Kisha akaikunjua.

Hakusema kwa nini. Hilda alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikuwa zimetoka, na hii ya tatu daktari alimwamuru alale, asiinue hata birika. Naye alimwapisha mumewe asimwambie mtu, maana mara ya pili alikuwa amekwisha kutangaza, akafuma na kofia, kisha akabaki kuwakwepa majirani dukani. Alban alifikiria kile chumba cha juu, makaa ya kukipasha joto, na mkewe aliyelala akihesabu nyufa za dari bila kuthubutu kujigeuza. Akauchukua moto wa gesi.

Alianza na mabati ambayo ribiti zake alizipiga mwenyewe. Seth alimtazama mpaka cheche za kwanza ziliporuka. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya benchi, akatoka. Hakurudi tena kiwandani.

Akapata kazi ya kugawa chupa za maziwa milangoni mwa watu, na mtaa wa Alban ukaangukia katika njia yake. Alfajiri Alban alisimama nyuma ya pazia akisikiliza chupa zikigongana. Alisikia zikitua kwa jirani wa kushoto, kisha kwake, kisha kwa jirani wa kulia, na baina ya hapo hakuna neno. Janice alipozaliwa, mzima, mwenye kilio cha king'ora, Hilda alianza kumtoa nje kwenye kigari chake, na Seth akamwona. Tangu siku hiyo kwenye kizingiti chao palikuwa na chupa moja zaidi ya waliyoagiza.

Asubuhi moja Alban alifungua mlango ghafla, miguuni ana soksi tu.

"Seth, ndugu yangu, ahsante."

Seth aliweka chupa chini polepole, kwa namna mtu anavyofanya asije akamwamsha mtoto, akageuka, akaenda zake.

Miaka ikapita. Wale wengine wa kiwandani walianza kumwitikia Alban mmojammoja, huyu kwa kusahau, yule kwa sababu walikutana kwenye mazishi. Janice aliyenyweshwa maziwa yale alikua, akaolewa, akahamia Canada. Hilda akafa. Ndani ya nyumba kikabaki kiti chake cha kufumia, na simu.

Ndipo mkia ulipopatikana. Ulikuwa wa mmoja wa dada zake Bibi Harusi. Kabla ya agizo la kukata, ulikuwa umepelekwa kwenye uwanja wa jeshi ukapigwe risasi, waone bati litastahimili vipi. Ukasahauliwa huko nyikani, kondoo wakijikinga mvua ndani yake. Jumba la makumbusho liliuleta kwa lori, umejaa matundu na samadi, likaomba mafundi wa zamani waje kuukarabati. Alban hakwenda kwa ajili ya ndege. Alikuwa amesikia kwamba Seth yupo. Alitaka neno moja tu kutoka kwake kabla mmoja wao hajatangulia. Hata tusi lingetosha.

Msimu mzima wa baridi alikwenda. Wakasugua kutu, wakanyoosha mabati, yeye upande huu wa mkia, Seth upande ule. Neno halikuja.

Jumanne moja, Doreen Pye, aliyekuwa akiwasimamia, aliingia akipiga makofi. Doreen alikuwa amefanya ukondakta wa basi maisha yake yote, na sauti ya kazi haikuwa imemtoka.

"Wazee wangu! Bati la mwisho limefika. Linataka ribiti. Nani hapa anajua kupiga ribiti?"

Watu wakatazama ndani ya vikombe vyao.

"Wapo wawili," mmoja akanong'ona, "ila afadhali uwaombe kondoo."

"Kondoo sina. Nina Seth na nina Alban. Mzee Seth, bado unaenea mle ndani, au biskuti zangu zimeshakunenepesha?"

Seth akasimama. "Naenea. Mwambie huyo wa nje asitetemeke."

"Mwambie mwenyewe, si huyo hapo!"

Seth alichukua chuma chake, akapiga magoti kwa shida, akatambaa ndani ya mkia mpaka nyayo za viatu vyake zikapotea.

Alban akaweka ribiti ya kwanza kwenye tundu. Akabonyeza nyundo, ikanguruma, akaachia. Alijua imekaa, mkono ulikuwa haujasahau. Akangoja.

"We mzee, umelala humo?" Doreen akaita.

Ngo, ngo, ngo.

Imeharibika. Alban akaitoboa kwa drili, akaitoa, akaweka nyingine, akapiga. Ngo, ngo, ngo. Ya tatu aliipiga kwa uangalifu wote aliokuwa nao, kisha akapitisha kidole juu yake. Ilikuwa laini kama ukucha wa mtoto mchanga.

Ngo, ngo, ngo.

"Leo hampati hata moja nyinyi!" Doreen akacheka, akaenda kubandika birika.

Alban alibaki ameshika nyundo. Ribiti ile haikuwa na kasoro, na Seth alijua hivyo kama yeye alivyojua. Basi haikuwa ribiti iliyokuwa ikisemwa.

Akaiweka nyundo chini. Zamani mtu wa nje hakugonga kamwe; yeye alipiga tu, na wa ndani ndiye aliyehukumu. Alban alikunja kidole chake, akagonga bati mara tatu. Imeharibika. Ndiyo, iliharibika, na mimi ndiye niliyeiharibu.

Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya paa la banda. Akaegemeza paji la uso kwenye bati la baridi, na upande wa pili, karibu sana, akasikia mtu akipumua, pumzi nzito ya mzee aliyelala ubavu mahali pembamba. Zilipita pumzi nyingi.

Ngo.

Alban akangoja ya pili. Haikuja. Mara moja tu. Bado, piga tena.

Akaokota nyundo, akaweka ribiti nyingine, akapiga. Ngo, ngo. Akaweka nyingine. Ngo, ngo. Waliendelea hivyo, safu nzima, mpaka birika la Doreen likapiga mluzi.

Seth alitoka kinyumenyume, magoti yamejaa vumbi. Alban akamnyooshea mkono amwinue. Seth hakuushika. Alishika ukingo wa mkia, akajiinua mwenyewe, akafuta chuma chake kwa kitambaa, akaenda kwenye meza kubwa karibu na hita. Alban akaosha kikombe chake cha bluu, akaketi dirishani.

Jioni alishuka kwenye basi, akanunua chipsi, akazila akiwa bado na koti, maana nyumba ilikuwa ya baridi. Simu ikalia.

"Baba, umekula?"

"Nimekula chipsi."

"Chipsi tena! Na yule mzee wako, leo amesema?"

Alban alitazama kiti cha Hilda. "Hajasema. Amenigongea."

"Amekugongea nini?"

"Nipige tena."

"Ai, Baba, mimi sikuelewi."

"Mama yako angeelewa," alisema.

Alipokata simu hakuwasha taa. Alikaa mpaka miguu ikaanza kufa ganzi, kisha akainuka, akaenda kuiloweka ovaroli yake ya kazi. Nguo nene kama ile, kwa mvua hizi, isipofuliwa mapema haikauki kufikia Jumanne.