Udongo wa Maharagwe ya Dada

Miezi miwili iliyopita tulimzika dada yangu kule Bungoma. Waombolezaji walipokuwa wakila, niliingia shambani kwake nikang'oa mharagwe mmoja. Hiyo ni tabia mbaya niliyoianza utotoni.

Sikiliza, nikuambie ukweli. Mimi nililelewa na wazazi wetu Kitale, dada akalelewa Bungoma na nyanya, ambaye tulimwita kukhu. Kila likizo ya Aprili nilipofika pale, nilikuta moshi wa kuni, mboga ya mrenda ikitokota, na dada akijua kila kitu: chungu kipi kinavuja, kuku yupi anadonoa. Nilimwonea wivu.

Mwaka mmoja kukhu alilima ardhi mpya, akampa kila mmoja wetu kipande chake cha maharagwe. Yangu yalitoka na rangi ya manjano. Ya dada yalikuwa kijani kibichi. Dada alipoenda mtoni, nikang'oa mmea wake nione siri. Mizizi ilikuwa imejaa vifundo vidogo kama mayai ya wadudu. Nikafurahi! Nikakimbia jikoni.

"Kukhu! Maharagwe ya dada yana ugonjwa!"

Kukhu alipasua kifundo kwa ukucha. Ndani kulikuwa kwekundu kama ufizi.

"Huu si ugonjwa. Hapa ndipo mharagwe unajipikia mbolea, kwa hewa tu. Yako iko na hii?"

Yangu hayakuwa na vifundo. Dada alikuwa amefika mlangoni, mtungi kichwani, akacheka hadi maji yakamwagika. "Ati ugonjwa! Si ungeuliza tu, wewe wa Kitale? Mbegu unachanganya na udongo wa pale maharagwe yalikuwa mwaka jana."

Yeye alikuwa ameambiwa. Mimi sikuambiwa. Hilo ndilo lililoniuma, si maharagwe.

Sasa amelala kando ya kukhu, mahali ambapo mimi sitalala. Hata hilo namwonea wivu, sifichi. Jiko lile lilibomolewa zamani, na mimi huku Kitale nimezoea mbolea ya gunia. Lakini siku ya mazishi nilikung'uta udongo wa mzizi ule ndani ya leso, nikaja nao, nikauchanganya na mbegu, nikapanda.

Jana nilipasua kifundo kimoja. Kilikuwa chekundu. Nikabaki nimesimama na mmea mkononi, nikimtafuta wa kunicheka.